SOMO LA WIKI: Gari Lililoshinda Mbio na Gari la Kununua

Mfanyabiashara wa Namswea, wilayani Mbinga, anayetaka kununua pikapu ya kubebea mahindi, maharage na kahawa ya chama cha msingi hupewa ushauri wa kila aina. Mmojawapo ni ule usemao kwamba gari fulani ni imara kwa sababu kampuni yake imeshinda Safari Rally. Picha ya gari lililotapakaa tope hubandikwa kwenye ukuta wa muuzaji, na mnunuzi hujiambia kuwa gari lililovumilia hayo haliwezi kushindwa na milima ya Umatengo.

Somo la wiki hii linaichunguza hoja hiyo. Je, matokeo ya mbio za magari ni taarifa ya soko? Mtu mwenye akiba ya sh. milioni 15, aliyoikusanya kwa misimu kadhaa ya kahawa, ayategemee? Na mwenye hisa chache katika kampuni inayouza magari, ayasome vipi?

Jibu kwa ufupi ni hili: ushindi una thamani kwa mnunuzi pale gari lililoshinda linapofanana na lile linalouzwa dukani. Kadiri magari hayo mawili yanavyotofautiana, ndivyo thamani ya taarifa inavyoshuka, mpaka likabaki tangazo tupu. Historia ya mbio za Afrika Mashariki inaonyesha hatua zote mbili.

Mbio zilizopangwa kwa bei ya dukani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wapenzi wa magari nchini Kenya walikuwa na uwanja wa mbio za mzunguko huko Langa Langa, katika Bonde la Ufa. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimshauri binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mbio za huko, naye akakataa. Vincent hakuona maana ya kuzunguka mahali pamoja. Alitaka mashindano ya kwenda mbali barabarani na kurudi. Wazo hilo ndilo lililozaa mashindano ya mwishoni mwa Mei 1953, yaliyoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na mwaka 1974 Safari Rally.

Kwa mfanyabiashara, jambo la kuzingatia ni kanuni za mwanzo. Gari lilitakiwa liwe kama linavyouzwa dukani. Tena magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, bali kwa bei yake katika soko la Afrika Mashariki. Gari la bei ya chini lilipambana na la bei ya chini, na la ghali na la ghali. Mwaka huo wa kwanza hapakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Kila daraja lilikuwa na wake.

Huo ulikuwa utaratibu wa kibiashara hasa. Mnunuzi mwenye kiasi fulani cha fedha aliweza kuangalia daraja la bei yake na kuona ni gari lipi lilirudi nyumbani likiwa zima. Swali lililojibiwa na mbio lilikuwa lile lile alilokuwa nalo mfukoni: kwa fedha hizi, nipate gari gani litakalostahimili barabara zetu? Volkswagen, gari dogo la bei nafuu, lilifanya vizuri mwaka 1953, na Vic Preston akashinda nalo mwaka 1954. Likashinda tena mwaka 1957 na 1962.

Soma orodha nzima

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Mwaka 1968 nao walimaliza 7 tu. Mara zote hizo mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, dereva wa Tanzania, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mara mbili mfululizo, naye pia katika Peugeot 404.

Mtazamaji wa kawaida husoma jina la mshindi na kufunga gazeti. Mnunuzi makini huanzia mwisho wa orodha. Yako maswali matatu ya kujiuliza. Kwanza, magari mangapi ya aina hiyo yaliondoka? Pili, mangapi yalimaliza? Tatu, yaliyokwama yalikwama kwa sababu gani: dereva kukosea njia, au ekseli kukatika?

Tuseme kampuni A imeleta magari 20 na moja likashinda, huku 19 yakiachwa njiani. Kampuni B imeleta manne, yakamaliza matatu, katika nafasi ya 3, ya 4 na ya 6. Vichwa vya habari vitakuwa vya A. Lakini mwenye kununua gari moja tu hanunui ushindi. Ananunua uwezekano wa kufika. Kwa A uwezekano huo ni moja kati ya ishirini. Kwa B ni tatu kati ya nne.

Peugeot ilipata sifa ya kudumu kwa sababu ushindi wake ulirudiwa na madereva tofauti, kwa gari la familia lililokuwa karibu na lile la dukani. Mrithi wa 404, yaani 504, alishinda mwaka 1975 akiendeshwa na Ove Andersson. Kwa miaka mingi Peugeot za aina ya stesheni wagoni zilibeba abiria katika barabara za masafa marefu za Afrika Mashariki. Hapo mbio na biashara zilisema jambo moja.

Mambo yalivyobadilika: mfano wa Talladega

Ili kuelewa jinsi taarifa hiyo inavyoweza kuharibika, hapana budi kuitazama Marekani, nchi yenye mbio kubwa kuliko zote za magari yanayoitwa ya dukani. Mbio hizo husimamiwa na chama cha NASCAR, kilichoanzishwa mwaka 1948 na Bill France. Wauzaji wa magari wa huko walikuwa na usemi wao: shinda Jumapili, uza Jumatatu.

Mnamo Septemba 1969 France alifungua uwanja mpya huko Talladega, katika jimbo la Alabama. Ulikuwa uwanja wa duara refu, mzunguko wake ukiwa maili 2.66, yaani zaidi ya kilomita 4, na kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 33 ili dereva asilazimike kupunguza mwendo. Katika majaribio magari yalikaribia kilomita 320 kwa saa. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: matairi yalikuwa yakichanika baada ya mizunguko michache tu. Uwanja ulikuwa umekwenda mbele ya bidhaa.

Madereva mashuhuri, wakiongozwa na Richard Petty, walitaka mbio ziahirishwe. France alikataa. Siku moja kabla ya mbio wengi wao walipakia magari yao na kuondoka. France alijaza nafasi kwa madereva wa mbio ndogo zilizofanyika siku iliyotangulia, akawaahidi wenye tikiti kuwa vipande vyao vitatumika tena katika mbio nyingine, na tarehe 14 Septemba mbio zikafanyika. Mshindi alikuwa Richard Brickhouse, katika Dodge Charger Daytona. Huo ulikuwa ushindi wake pekee katika daraja la juu la NASCAR.

Kitabuni, Dodge ilishinda mbio za kwanza za Talladega. Lakini iliwashinda akina nani? Washindani wakubwa hawakuwapo. Matokeo ya mbio husomwa pamoja na majina ya wasioshiriki, kama bei ya mnada inavyosomwa pamoja na idadi ya wanunuzi waliohudhuria. Kahawa iliyonunuliwa kwa bei ya chini siku ambayo wanunuzi wawili tu walifika mnadani haithibitishi kwamba kahawa hiyo ni mbaya.

Jambo la pili ni gari lenyewe. Charger Daytona lilikuwa na pua ndefu iliyochongoka na bawa refu nyuma. Umbo hilo lilibuniwa kwa ajili ya mbio. Kanuni ya NASCAR ilitaka magari 500 ya aina hiyo yatengenezwe kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida, na kiwanda kikatengeneza kiasi hicho na machache juu yake. Mwaka uliofuata kampuni dada, Plymouth, ilitoa Superbird, lenye bawa kama hilo, yapata magari 1,900. Mengi yalikaa kwa mawakala bila mnunuzi, na baadhi ya wauzaji waliyang'oa mabawa na pua ili yafanane na magari ya kawaida na kuuzika.

Utaratibu ulikuwa umegeuzwa kichwa chini. Badala ya gari la dukani kupelekwa uwanjani kujaribiwa, gari la uwanjani lililetwa dukani ili kutimiza kanuni. Magari hayo leo hutafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa, lakini faida hiyo haikumfikia wakala wa mwaka 1970 aliyekuwa na bidhaa isiyotoka.

Hali kadhalika kwetu

Safari Rally nayo ilipita njia hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vya nje vilileta timu zao, makanika wao na shehena za vipuri. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, katika Ford Escort, alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Datsun ilishinda mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Toyota ilifuata katika miaka ya 1980 na 1990.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Lancia ya Italia. Ilishinda mwaka 1988, 1989 na 1991. Kanuni za wakati huo zilitaka magari 5,000 ya aina hiyo yatengenezwe, na yalitengenezwa. Lakini yaliuzwa Ulaya. Mtu angetembea kutoka Songea hadi Mbamba Bay bila kukutana na duka lenye vipuri vyake. Ushindi mara tatu katika barabara za Afrika Mashariki haukuifanya Lancia kuwa gari la Afrika Mashariki.

Baada ya mwaka 2002 mbio hizo ziliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia, zikarejeshwa mwaka 2021 zikiwa na makao Naivasha. Toyota imeshinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, na mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za juu. Ni rekodi kubwa. Lakini tangu 2022 gari la daraja la juu hujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, kisha likavikwa umbo linalofanana na Yaris. Kati ya gari hilo na pikapu ya mtumba inayoshushwa bandarini Dar es Salaam, kinachofanana ni jina tu. Huenda Toyota ni chaguo zuri kwa mtu wa Namswea. Lakini kama ni zuri, sababu yake iko kwenye duka la vipuri la Mbinga, haiko Naivasha.

Kwa mwenye hisa

Mwekezaji mdogo hukabiliwa na mtego mwingine: kuchanganya jina la gari na kampuni inayoliuza. Cooper Motor Corporation ya Nairobi, iliyojulikana baadaye kama CMC Holdings, ilikuwa wakala wa Volkswagen tangu enzi za Safari za mwanzo, na baadaye wa magari mengine yenye majina makubwa. Hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Septemba 2011, kufuatia mgogoro wa wakurugenzi, uuzaji wa hisa hizo ulisimamishwa. Mwenye hisa 1,000 aliyetaka fedha za ada ya shule hakuweza kuziuza sokoni. Hali ilibaki hivyo hadi mwaka 2014, kampuni ya Al-Futtaim ya Dubai ilipoinunua CMC kwa Sh. 13 za Kenya kwa kila hisa, na kampuni ikaondoka sokoni.

Hakuna mbio zozote zilizosababisha hayo, na hakuna ushindi wowote ungeyazuia. Kiwanda cha nje hutengeneza gari na kupata sifa. Wakala wa hapa hupata uwakala, ambao kiwanda kinaweza kuuhamishia kwa mwingine. Anayenunua hisa za wakala ananunua mkataba, madeni, wakurugenzi na ghala la vipuri. Hayo ndiyo ya kusoma katika taarifa ya mwaka.

Hesabu ya Namswea

Sasa turejee kwa mnunuzi wa pikapu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mmoja aweke zake.

Gari A, la jina la kawaida, ni sh. 18,000,000. Gari B, la jina linalotamba katika mbio, ni sh. 15,000,000. Yote mawili ni mitumba yenye umri sawa. Kila moja, likifanya kazi, linaingiza sh. 60,000 kwa siku baada ya kuondoa mafuta na posho ya dereva. Msimu wa mazao una siku 100 za kazi.

Vipuri vya A vinapatikana Mbinga mjini, na fundi analijua. Linasimama siku 5 kwa msimu, na matengenezo ni sh. 600,000. Vipuri vya B huagizwa Dar es Salaam, na fundi hulijaribia. Linasimama siku 25, na matengenezo ni sh. 1,500,000.

Gari A: siku 95 × sh. 60,000 = sh. 5,700,000. Toa sh. 600,000. Linabaki na sh. 5,100,000.

Gari B: siku 75 × sh. 60,000 = sh. 4,500,000. Toa sh. 1,500,000. Linabaki na sh. 3,000,000.

Tofauti ni sh. 2,100,000 kwa msimu mmoja. Mnunuzi aliyedhani ameokoa sh. 3,000,000 siku ya kununua atakuwa ameipoteza yote kabla msimu wa pili haujaisha. Na siku 25 hizo si siku za mapumziko: ni siku ambazo mahindi ya watu yako uani, na mteja anakwenda kwa mwenye gari mwingine. Mteja aliyeondoka mwezi wa Agosti haelekei kurudi Septemba.

Iwapo gari limenunuliwa kwa mkopo, hali huwa ngumu zaidi, kwa maana rejesho la mwezi halisubiri kipuri kifike. Aliyeweka shamba la kahawa kama dhamana anaweza kupoteza shamba kwa sababu ya ekseli.

Maswali manne kabla ya kulipa

Moja: gari lililoshinda na hili linalouzwa yanafanana katika nini? Muuzaji atakayeshindwa kutaja injini, gia boksi au ekseli inayofanana anauza picha.

Mbili: wangapi walimaliza, si nani alishinda? Kwa Namswea, orodha ya kuhesabu iko kwenye stendi ya Mbinga. Hesabu magari ya aina hiyo yanayopanda milima kila siku, kisha uliza mafundi ni mangapi yamelala gereji na kwa sababu gani. Hayo ndiyo mbio yanayokuhusu, nayo hufanyika kila masika.

Tatu: kipuri kinachoharibika mara nyingi kinapatikana wapi, kwa bei gani na kwa siku ngapi? Nenda mwenyewe dukani ukiulizie kabla hujanunua gari.

Nne: gari hili litauzwa kwa nani baada ya miaka mitano? Gari lisilo na vipuri halina mnunuzi wa pili, na uchakavu wake huwa ni bei yote.

ZOEZI: Mnunuzi arudie hesabu ya hapo juu, lakini gari B lisimame siku 10 tu na matengenezo yawe sh. 800,000. Je, bei ndogo ya B sasa ina maana? (Jibu: B linabaki na sh. 4,600,000 kwa msimu. Tofauti na A ni sh. 500,000, hivyo akiba ya sh. 3,000,000 inachukua misimu 6 kumalizika. Kwa mwenye mpango wa kulitumia gari misimu mitano, B laweza kuwa nafuu, ilimradi bei ya kuliuza tena isiwe imeanguka zaidi ya ile ya A.)